Chili con carne

Chili con carne (kwa Kihispania: "pilipili pamoja na nyama") ni mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe na pilipili kavu, wenye asili ya Texas, Marekani.

Historia

Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wenye asili ya Meksiko waliuuza usiku katika viwanja vya mji wa San Antonio. Mwaka 1893 ulipikwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago. Mwaka 1977 Texas iliutangaza kuwa chakula rasmi cha jimbo.

Mapishi

Nyumbani, nyama ya kusaga hukaangwa hadi maji yake yakauke na igeuke rangi ya kahawia. Hapo ndipo utamu wa mchuzi unapoanzia. Kisha hutiwa vitunguu maji, vitunguu saumu, pilipili ya unga na bizari nyembamba, halafu supu au maji. Huachwa kwenye moto mdogo, chungu kikikorogwa mara kwa mara, kwa saa moja au zaidi.

Aina

Wapishi wengi wa Texas hawatii maharagwe. Kwingineko maharagwe mekundu na nyanya ni kawaida. Mjini Cincinnati, Ohio, hutiwa mdalasini na kumwagwa juu ya tambi.