Nondo za Juu: Historia Fupi ya Daraja la Skrini

Ukipita huku Mbweni, Kinondoni, utaona nyumba nyingi zina watu ndani lakini juu nondo zimeachwa wazi. Mwenye nyumba kajenga alichoweza, kahamia, ghorofa itakuja Mungu akijalia. Leo, wasomaji wangu, nawasimulia historia ya programu iliyojengwa hivyo hivyo.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 31 Desemba 2012? Mitambo ya TV ya analojia Dar es Salaam ilizimwa, TV zetu za chogo zikabaki na chenga tupu. Hazikuwa zimeharibika hata kidogo! Zilikosa mkalimani. Aliyepata king'amuzi aliendelea na chogo lake lile lile. Aliyekosa hela ya king'amuzi... alikaa na chenga zake.

Ndani ya kompyuta pia kuna mkalimani. Chipu inayotengeneza picha inaongea lugha moja, skrini nyingine. Katikati inakaa chipu ndogo inayoitwa daraja. Na kifaa hakifanyi kazi bila draiva, yaani programu inayoielekeza kerneli ya Linux namna ya kukitumia. Zamani msimbo wa daraja mara nyingi ulifichwa ndani ya draiva ya chipu ya picha, hivyo mwenye chipu nyingine hakuweza kuutumia, alianza upya. Mwaka 2013 Sean Paul akaleta utaratibu wa drm_bridge: daraja lijitegemee, anayelihitaji alitumie.

Mwaka 2016 Maxime Ripard akaandika draiva ya daraja rahisi kabisa, la kugeuza picha ya dijitali kuwa VGA ya analojia. Kigeuzi cha aina hiyo chaweza kuwa resista tu, hakina cha kuamrishwa. Ndiyo maana draiva iliitwa dumb-vga-dac: kigeuzi bubu cha VGA. Ilifanya machache. Iliuliza skrini inakubali picha za ukubwa gani. Skrini isipojibu, ilipendekeza 1024 kwa 768. Basi. Chumba kimoja na nondo juu.

Ghorofa ilikuja. Viliongezwa vigeuzi vingine, kila kimoja kwa mistari michache ya maelezo yake. Mwaka 2020 Laurent Pinchart akaipa jina jipya, simple-bridge, kwa sababu haikuwa tena ya VGA peke yake. Akaingiza humo OPA362, chipu ya kukuza mawimbi ya video ya analojia. Fikiria! Zaidi ya miaka saba baada ya Dar kuzima mitambo yake, kuna mtu bado anaitengenezea njia TV ya chogo.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu sisi ndio watu wa monita za mtumba. Tarehe ya kuambiwa "chako kimepitwa, nunua kipya" mara nyingi hupangwa na wengine. Lakini msimbo wa Linux uko wazi, na draiva fupi anaweza kuisoma mwanafunzi yeyote kwa jioni moja, akaongeza mistari yake. Mlimani walishatuonyesha mwaka 2004, walipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kwamba programu huria haingoji ruhusa ya mkubwa.

Nondo zipo. Nani anapanda juu?

Nawasilisha.