Jua Juu ya Bati: Jinsi Mwangaza Unavyoua Vijidudu

Leo tunazungumzia jua na maji ya kunywa.

Mama zetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wameanika magodoro na nguo za watoto juani miaka mingi. Je, jua huua kitu, ama hukausha tu?

Mwaka 1877, Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walitia maji yenye chakula cha vijidudu ndani ya vichupa. Vingine walivifunika kwa bati la risasi, vingine wakaviacha wazi juani. Vilivyofunikwa vilitibuka kwa kujaa vijidudu. Vilivyopigwa na mwangaza vilibaki safi.

Jua la Ulaya ni hafifu, hasa wakati wa baridi. Kwa hiyo daktari Niels Finsen wa Copenhagen, Denmark, alitumia taa kali ya umeme yenye vijiti vya kaboni. Aliukusanya mwangaza kwa lenzi na kuupoza kwa maji usiunguze, akatibu kifua kikuu cha ngozi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Kwa taa kali kama hizo wataalamu walibaini kwamba miale inayoua zaidi ni ile isiyoonekana kwa macho. Huharibu chembe za urithi za kijidudu, kikashindwa kuzaana.

Mwaka 1980, Aftim Acra na wenzake wa Beirut walionyesha kwamba jua linaweza kusafisha hata maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha.

Kisha jambo hili likapimwa hapa kwetu Kenya, kwa Wamaasai wa Kajiado, kipindupindu kilipoingia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji yaliyoanikwa juani, waliougua ni 3. Kati ya 144 ambao maji yao hayakuanikwa, waliougua ni 20. Kwa watu wazima na watoto wakubwa, tofauti kubwa haikuonekana. Basi faida ilikuwa kwa wadogo, ambao kuharisha huwaua upesi.

Ukikosa makaa ya kuchemshia au dawa ya klorini, fanya hivi:

1. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2.
2. Maji yakiwa na matope, yachuje kwanza mpaka yang'ae. Matope huyapa vijidudu kivuli.
3. Ilaze chupa juu ya bati kwa saa 6 za jua. Mawingu yakitanda, iache siku 2.
4. Kunywa kutoka chupa hiyo hiyo, usiyahamishe maji.

Kumbuka, jua haliondoi chumvi ya kisima, wala mafuta, wala kemikali. Na mtoto akiharisha maji maji, usingoje jua: mpe maji ya chumvi na sukari, umkimbize kituo cha afya.