Nyasi ya Turkana, Gugu la Arizona

Mwaka 1946 Idara ya Hifadhi ya Udongo ya Marekani ilianza kuwagawia wafugaji wa Texas mbegu za nyasi iliyojulikana katika madaftari yake kwa nambari tu: T-4464. Asili ya mbegu hizo ilikuwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Mwingereza. Wanasayansi huiita nyasi hiyo Cenchrus ciliaris. Wamarekani huiita bafeli. Wafugaji wa Turkana, ambao mifugo yao iliilisha tangu kale, hawakupata hata mstari mmoja katika nambari ile.

Kwa nini taifa lililokuwa na mbuga zisizo na mwisho lilihitaji mbegu kutoka Turkana? Jibu limo katika muongo wa 1930. Nyanda za kati za Marekani zilikuwa zimelimwa kwa pupa ili zizae ngano. Ukame ulipoingia, udongo uliokosa mizizi ya kuushika ulipeperuka, ukafunika nyumba na kufukuza maelfu ya familia. Mwaka 1935 Bunge likaunda Idara ya Hifadhi ya Udongo, na Hugh Hammond Bennett akawa mkuu wake. Kazi ilikuwa moja: kuivisha ardhi upya, na kuivisha haraka.

Neno hilo haraka ndilo lililoleta yote yaliyofuata. Hapa sharti msomaji anivumilie kidogo, kwani siasa ya jambo hili imejificha ndani ya tabia ya mbegu. Nyasi nyingi za asili za mbuga za Marekani zina mbegu nyepesi zenye manyoya, zisizopita vizuri katika mashine ya kawaida ya kupandia. Ukizifukia kwa kina zinakufa. Zataka kufunikwa kwa udongo mwembamba tu, juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Zikishaota, mwaka wa kwanza huutumia kushusha mizizi, huku juu kukionekana majani machache dhaifu na magugu yaliyositawi. Mkaguzi asiyejua huliona shamba hilo akaandika kwamba mradi umeshindwa, na mwenye shamba akaingiza jembe. Anayejua hukata magugu juu ya vichwa vya miche ili mwanga upenye, kisha husubiri. Mwaka wa pili au wa tatu ndipo nyasi zinapoitwaa ardhi yao.

Serikali yenye bajeti ya mwaka mmoja na vumbi machoni haina subira ya namna hiyo. Bafeli huota kwa mvua kidogo, hustahimili kukanyagwa na kuliwa, na ng'ombe huipenda. Ukame mkubwa ulipoipiga Texas katika miaka ya 1950, nyasi hiyo ilisimama pale nyingine ziliponyauka. Sifa zake zikaenea hata ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Sonora, Mexico, ambako vichaka vya jangwa viling'olewa kwa matingatinga ili ipandwe. Katika mizani ya kilo za nyama, hakuna aliyeweza kuilaumu.

Lakini nyasi si chakula cha ng'ombe peke yake. Kusini mwa Texas yuko tombo aitwaye bobwhite, ndege atembeaye kuliko kuruka. Nyasi za asili huota kwa mafungu yenye nafasi baina yake. Katika fungu tombo huficha kiota. Katika nafasi vifaranga hupita, wakiokota wadudu na mbegu za mimea midogo. Bafeli huziba nafasi hizo na kuisonga mimea hiyo. Mtu akipita kwa gari huona ardhi ya kijani iliyofunikwa vizuri. Kifaranga aliye chini huona ukuta. Funiko la kuzuia mmomonyoko na funiko la kumhifadhi mnyama si kitu kimoja, na kwa miaka mingi sera ya Marekani ilihesabu la kwanza na kulisahau la pili. Hata sheria ya kilimo ya mwaka 1985, iliyowalipa wakulima ili wapumzishe ardhi dhaifu kwa miaka kumi au zaidi, iliacha mashamba mengi yavishwe nyasi za kigeni kwa sababu ya urahisi wake. Ni mwaka 1996 ndipo sheria ilipoyapa makazi ya wanyamapori uzito sawa na udongo na maji.

Arizona ilipata pigo la namna nyingine. Jangwa la Sonora halikuzoea moto, kwa kuwa mimea yake huota mbalimbali na mwali hauna pa kurukia. Bafeli iliyokauka hujaza mapengo hayo kwa kuni. Moto ukipita, madungusi makubwa yaitwayo saguaro, yanayoishi zaidi ya miaka mia moja, huungua. Bafeli huchipua tena kutoka shinani. Mwaka 2005 Arizona iliitangaza kuwa gugu hatari. Karibu na Tucson raia wa kujitolea huenda milimani na sururu kuing'oa shina kwa shina. Pale ilipo nyingi hupulizwa dawa, nayo hufanya kazi tu majani yakiwa mabichi, yaani majuma machache baada ya mvua. Kisha ni lazima warudi mwaka unaofuata, kwa maana mbegu zimebaki udongoni.

Kusini mwa Texas jibu lilitoka chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya utafiti wa wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Texas A&M–Kingsville ilianzisha mpango wa kukusanya mbegu za nyasi na mimea ya asili ya eneo lile lile, kuzijaribu, na kuwapa wazalishaji wazizidishe ili ziuzwe. Kazi ni ngumu. Ukipanda nyasi za asili katikati ya bafeli iliyo hai umetupa mbegu. Ni lazima uiue kwanza, usubiri akiba yake ya mbegu iote, uiue tena, ndipo upande. Tusidanganyane kuhusu sababu iliyowasukuma wenye ranchi. Uwindaji wa tombo hulipiwa vizuri huko, na ndege huyo alipoanza kuwa na bei, nyasi yake nayo ikapata watetezi.

Sasa turudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Baringo ililetewa mti wa Prosopis juliflora, asili yake bara la Amerika, ili uzuie jangwa na kutoa kuni. Watu wakauita mathenge. Uliziba malisho, miiba ikawachoma watu na mifugo, maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Wakazi waliishtaki serikali mwaka 2006, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ikatangazwa kuwa gugu hatari.

Na ni nyasi gani inayopandwa Baringo hiyo hiyo kuponya ardhi iliyochakaa? Miongoni mwa zinazotegemewa ni Cenchrus ciliaris. Familia huzungushia uzio kipande cha ardhi, hupanda mvua zinapokaribia, huzuia mifugo hadi nyasi ikomae, kisha huuza majani makavu na mbegu. Gugu la Arizona hapa ni mwenyeji, na ng'ombe, swala na moto wa hapa wamezoeana nayo.

Kwa hiyo gugu si aina ya mmea. Ni hukumu, na hukumu ina hakimu wake. Texas haikuifuata Arizona: huko bafeli haimo katika orodha ya magugu hatari, na mbegu zake zingali zinauzwa kwa wafugaji, huku chuo cha Kingsville kikizalisha mbegu za kuiondoa.