Ploti si kiwanja tu

Mwambie mtu wa Karagita, kando ya Barabara ya Moi South Lake huko Naivasha, kwamba unahamia ploti nyingine. Hatakuuliza umenunua shamba wapi. Atataka kujua kodi ni ngapi na maji huja siku gani. Ploti kwake ni safu mbili za vyumba vinavyotazamana, mabati au mawe, kamba za nguo katikati, choo cha wote mwishoni na geti moja linalofungwa usiku. Wengi wa wapangaji ni wafanyakazi wa mashamba ya maua.

Kwa wakala wa ardhi, neno hilohilo ni kipande kitupu chenye vigingi, aghalabu futi hamsini kwa mia. Mtanzania angesema kiwanja, na sioni kwa nini sisi Wakenya tumelitupa neno hilo. Ila kiwanja hakina wapangaji. "Watu wa ploti" ni ujirani kamili, wenye zamu ya kuosha choo na ugomvi wa bili ya stima.

Kiingereza chenyewe, tulikolitoa neno hili, kilianza na kipande cha ardhi, kisha kikaongeza njama, kama ile ya baruti ya London mwaka 1605, na mpangilio wa visa katika hadithi. Walimu wetu wa fasihi husema ploti au msuko. Mimi ni wa msuko. Vijana nao wakiulizana Ijumaa, "Ploti ni gani?", hawatafuti nyumba wala njama. Wanataka kujua wikendi wataenda wapi, na nani atalipa.