Washana: Waliotupa Makali, Majina Yao Hatuyajui

Wadau, leo tunapanda milima ya Upare. Kuna watu walifanya kazi kubwa sana kule, ila ukiuliza waliitwa nani, kimya.

Kabla ya visu vya dukani, Ugweno ilikuwa inatoa chuma chake yenyewe. Ni Upare Kaskazini, siku hizi wilaya ya Mwanga, majirani zetu hapa Same. Watu walikusanya mchanga mweusi kwenye vijito, wakauchoma kwa mkaa huku mivukuto ikipuliza, wakapata chuma. Wahunzi wa ukoo wa Washana wakakifua kuwa majembe na silaha. Chuma cha Ugweno kilifika mpaka kwa Wachaga.

Profesa Isaria Kimambo, kwenye kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya Wapare, ameeleza kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua. Yaani chuma kilikuwa siasa kabisa. Masimulizi yakatunza majina ya watawala. Aliyeshinda na nyundo mchana kutwa amebaki "Mshana" tu, basi.

Sasa njoo jikoni kwako. Kisu kikipita kwenye kinoo au tupa, kinabaki na vinyuzi vya chuma kwenye makali, ndo maana kinachana nyanya badala ya kuikata. Unamalizia kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia. Dawa zipo nyingi, usinunue kwa kuangalia rangi tu.

Nyekundu, ile ya masonara, ni oksidi ya chuma, jamii moja na kutu. Ni laini, inang'arisha zaidi kuliko kunoa. Na cheki hii: ule mchanga mweusi wa Ugweno nao ni oksidi ya chuma! Ndugu wawili, mmoja anazaa kisu, mwingine anakipiga poda.

Kijani ni oksidi ya kromi. Ni ngumu kuliko chuma cha kisu, kwa hiyo inakula kweli, ila kidogo kidogo. Kwa visu vya kawaida vya nyumbani, anza na hii.

Ya almasi ndo baba lao. Almasi ina ugumu wa 10 kwenye kipimo cha Mohs, hakuna madini yanayoizidi. Ifae visu vya chuma kigumu sana ambacho kijani inakisugua mpaka unachoka.

Ukisugua, vuta kisu mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali unakata mkanda.

Kanuni ni moja: kinachosugua lazima kiwe kigumu kuliko kinachosuguliwa. Waliotumia majani makavu ya mti wa msasa kulainisha mbao waliijua zamani, na mpaka leo karatasi ya kusugulia tunaiita msasa. Nani alianza? Naye hana jina.

Vyuma vya kutoka nje vilipojaa sokoni, tanuru za Ugweno zikazimika. Wazee waliosimuliwa habari zake wanazidi kupungua. Kina Mshana mliopo humu, na wote wenye asili ya Upare: muulizeni babu au bibi wiki hii, mhunzi wa kijijini kwenu aliitwa nani? Mkipata jina, liandikeni hapo chini kabla halijapotea.