Nani Aliandika Jina la Mtu wa Mjengo?

Simama chini ya KICC uinue shingo. Utaambiwa haraka kwamba ilikamilika 1973 na ina orofa 28. Hata wachoraji wake wanajulikana: Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wetu. Sasa uliza ni nani alibeba simiti. Hapo hakuna wa kukujibu.

Swali hili hunikera kwa sababu mimi pia ni mtu wa kibarua, ila changu ni cha maneno. Niliacha chuo, naandika, nalipwa kwa makala, mwezi mwingine hata silipwi. Mtu wa kutwa akishalipwa jioni, habari zake huishia hapo. Ndiyo maana nikitaka kuwajua watu wa Nairobi ya miaka ya sabini, huwa naanzia kwa hadithi za kubuni.

Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Ile ya 1979 ikahesabu 827,775. Zaidi ya laki tatu kwa miaka kumi! Lakini sensa haikuambii hao watu walikula nini, ama jioni walirudi nyumbani vipi. Meja Mwangi anakuambia. Katika Kill Me Quick, ya 1973, vijana wawili, Meja na Maina, wamesoma na wana vyeti, lakini kazi hakuna. Wanalala vichochoroni na kula walichookota kwa takataka. Usidhani alikuwa anatia chumvi. Mwaka huohuo Padri Arnold Grol alianzisha Undugu, kwa ajili ya watoto walioishi kwenye barabara hizohizo.

Mtu wangu wa simiti nilimpata kwa Going Down River Road, ya 1976. Ben na Ocholla wanajenga jumba refu liitwalo Development House, halafu jioni wanateremka na miguu kwenda kutafuta chang'aa. Jumba linaendelea kupanda, na hakuna anayetarajia kwamba wao watakuwa na ofisi humo.

Hadithi fupi nazo zilikuwa na kijiwe chao. Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, likabeba katuni, utani na hadithi fupi za mwananchi wa kawaida wa mjini hadi 1979. Ulikuwa pia mwaka ambao Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi. Wasomi wengine waliziona hadithi za aina hii kuwa upuuzi wa baa. Lakini watu walizinunua, kwa sababu walijiona ndani.

Si wote walijiona, lakini. Wini, mpenzi wa Ben, ni karani wa ofisini. Siku moja anatoroka na bosi wake mzungu, anamwachia Ben mtoto, na sisi tunabaki na uchungu wa Ben tu. Wini aliwaza nini usiku ule? Kitabu hakisemi. Ilibidi nifike kwa Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka 1986, ndipo nikautembea mji na miguu ya mwanamke. Paulina anashuka kwa treni mwaka wa 1956 akiwa na miaka 16, mimba inaharibika, na akitoka hospitali anapotea njia. Akifika nyumbani, mumewe haamini na anampiga. Kumbe kupotea njia mjini kwa mwanamke lilikuwa kosa la kujibiwa. Vijana wa Meja Mwangi walikuwa na shida zao, lakini hiyo hawakuwa nayo.

Kwa hivyo soma hizi hadithi kama ushahidi, lakini kila mara uliza ni nani anayetoa huo ushahidi.

Halafu tujiulize na sisi. Mtu wa boda, mama wa smokie na mayai, kijana anayeuza viatu huku jicho moja likiangalia kanjo: hao tunawaweka kwa simu, tunacheka, na kesho simu imeibiwa. Kama unaandika hadithi ya Nairobi leo, taja nauli. Taja steji. Taja bei ya chapati, na mama anayeipika mpe jina na mawazo yake. Miaka hamsini ijayo kuna mtu atamtafuta.