Kaburi la Nyali na Kitabu cha Mwanzo

Mmoja wetu anapofikwa na msiba, au ugonjwa usiokwisha, huwa tunamwambia, "Shika Neno." Ni ushauri mwema, ila hatusemi sana namna mtu anavyolishika. Katika pwani yetu yupo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuliandika Neno hilo kwa Kiswahili, na msiba ulimkuta kalamu iko mkononi.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Machozi walikuwa wameyazoea. Kabla ya hapo, wakijaribu kurudi kwenye kazi yao Uhabeshi, Rosine alijifungua njiani kabla ya siku zake kutimia. Mtoto aliishi saa chache tu. Walimbatiza Eneba, maana yake Chozi, wakamzika chini ya mti.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa msomi Mwislamu, na tunaoifurahia Biblia ya Kiswahili tungefanya vema kulikumbuka hilo. Mwezi uliofuata homa iliingia nyumbani mwao. Rosine alijifungua binti, na tarehe 13 Julai akafariki. Mtoto naye hakukawia kumfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo.

Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wenyeji wapitao njiani waone kaburi lake na kukumbuka sababu iliyomleta. Ndiko alikozikwa, upande wa Nyali. Wenyeji hao Krapf aliwaita Wanika, jina ambalo Wamijikenda wa leo hawalipendi, na wana haki.

Sasa tufungue kitabu alichokuwa akikitafsiri. Katika sura ya 23 Sara amekufa, na Ibrahimu anasimama mbele ya wana wa Hethi akiomba mahali pa kumzika, maana yeye ni mgeni kwao. Mungu alikuwa amemwahidi nchi nzima. Lakini shamba la kwanza analolipata kuwa milki yake katika nchi hiyo ni lile lenye pango la Makpela, alilolinunua kwa shekeli 400 za fedha, nalo ni kaburi. Hatujui kama Krapf alikuwa ameifikia sura hiyo. Tunachojua ni kwamba aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo la upweke ni dalili kuwa wameitwa kuifanya kazi ya Mungu upande huu wa Afrika. Aliwaza kama Ibrahimu: penye kaburi lako, hapo una sehemu.

Hatusemi kwamba Mungu alimtwaa Rosine ili kazi isonge mbele. Maneno ya namna hiyo husemwa haraka mno katika matanga yetu, na mfiwa huyaitikia kwa adabu tu. Ibrahimu mwenyewe, kabla ya kutafuta kaburi, alikaa akamlilia mkewe. Maandiko hayakumharakisha.

Krapf alipopata nguvu alirudi kwenye maandishi yake, neno moja baada ya jingine. Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, nazo zinaishia pale Adamu na Hawa wanapofukuzwa bustanini. Huenda kazi ile ndiyo iliyomshika kuliko yeye alivyoishika. Mtu asiyeweza kuomba maneno marefu anaweza bado kuketi na mstari mmoja na kutafuta neno lake sahihi.

Mwaka 1846 alimpata mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai. Tungependa kusema kwamba watu walimiminika. La hasha. Matunda ya kwanza yalikuwa Mringe, mtu kiwete, aliyebatizwa akiwa kitandani karibu na kufa. Mtu wa hesabu angeona hasara: miaka mingi, makaburi, na muumini mmoja ambaye hakuishi hata kuketi kanisani.

Mwaka 1853 afya ilimlazimisha Krapf kurudi Ulaya. Rebmann alibaki. Huyu ndiye aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848, akaandika juu ya theluji, na wasomi wa Ulaya wakamcheka. Alikaa Rabai miaka mingi akiwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole, akikusanya maneno ya lugha za huku kwa ajili ya kamusi, hadi macho yale yaliyoiona theluji yakapofuka. Alipoondoka mwaka 1875 alihitaji mtu wa kumwongoza njiani. Aliyesafiri naye mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai.